Tairi likipasuka, rudisha picha nyuma kabla ya kumhukumu dereva

Tarehe 6 Juni 2021 nilimkosea rafiki yangu wa miaka mingi. Tulikuwa tunaangalia Grand Prix ya Azerbaijan, mbio za magari za Formula 1, kule Baku. Imebaki kama mizunguko mitano, Max Verstappen anaongoza, mara gari likayumba kwenye ile njia ndefu iliyonyooka na kujibamiza ukutani. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka. Verstappen akashuka na kulipiga teke. Rafiki yangu akasema tairi ni bovu. Mimi nikang'ang'ania kwamba dereva kaligonga mahali, hajui kulitunza. Tulipandishiana sauti hadi nikamwambia yeye anashabikia jina, mbio hazijui. Wiki mbili hatukusalimiana.

Kinachoniuma ni kwamba jibu, au angalau nusu yake, lilikuwa mbele ya macho yetu. Mapema kwenye mbio zilezile, Lance Stroll alipasukiwa na tairi lilelile la nyuma kushoto, kwenye njia ileile. Magari mawili, timu mbili, gurudumu moja. Nililiona, nikalisahau kwa sababu sikuwa na habari na Stroll.

Baadaye Pirelli, watengenezaji wa matairi, walieleza kwamba ubavu wa ndani wa tairi ulikatika kufuata duara la tairi, na wakalihusisha hilo na hali ambayo tairi lilikuwa likiendeshwa. Kasoro ya kiwandani hawakuikuta. Na timu zilikuwa zimetimiza viwango vya upepo vilivyowekwa kwa ajili ya kuanza mbio. Baada ya hapo FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ikakaza ukaguzi wa upepo. Kwa hiyo dereva hakuwa na kosa, na neno "bovu" nalo halikutosha. Sote wawili tulikuwa tumegombana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Ushauri wangu wa kwanza basi, kabla hujafungua mdomo, uliza: kuna mwingine amepasukiwa na gurudumu hilohilo? Silverstone, uwanja wa mbio wa Uingereza, ina kona nyingi za kasi zinazokata kulia, na mzigo wote huangukia matairi ya kushoto. Mwaka 2020, kwenye mizunguko mitatu ya mwisho, madereva Bottas, Sainz na Hamilton walipoteza tairi la mbele kushoto mmoja baada ya mwingine. Matairi yale yalikuwa yametembea karibu mizunguko 40. Huwezi kuniambia madereva watatu wa kiwango kile walikosea kosa moja ndani ya dakika chache. Na uwanjani hapohapo mwaka 2013, matairi yalipopasuka kwa Hamilton, Massa, Vergne na Perez, yalitajwa mambo ambayo dereva hayagusi kabisa akiwa kwenye usukani: matairi ya nyuma yaliyofungwa kwa kubadilishana pande, upepo mdogo, magurudumu yaliyolazwa kupita kiasi. Ni maamuzi ya gereji hayo.

Pili, rudisha picha nyuma. Usirudi sekunde tano, rudi mizunguko mingi. Hapa ndipo mashabiki wengi tunapokosea, kwa sababu televisheni hurudia mlipuko mara kumi na haikuonyeshi kilichouzaa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Nürburgring, Ujerumani, Mei 2005. Kanuni za mwaka ule zilitaka seti moja ya matairi ibebe mbio nzima, isipokuwa tairi lililoharibika. Kimi Räikkönen anaongoza. Wakati anampita dereva aliyeachwa mzunguko mzima, anapiga breki kwa nguvu mno, gurudumu la mbele kulia linagoma kuzunguka na kuburuzika. Tairi likasagika sehemu moja, likabaki na bapa. Kuanzia hapo kila linapozunguka, bapa lile linagonga lami. Kamera ya ndani ya gari ilionyesha gurudumu linavyotetemeka, na mtikisiko ukazidi kadiri mizunguko ilivyokwenda. Akabaki barabarani, hakuingia kubadilisha. Mzunguko wa mwisho, anapiga breki kwenye kona ya kwanza, vyuma vinavyoshikilia gurudumu vikakatika, gari likaruka nje. Fernando Alonso akashinda.

Aliyewasha televisheni mzunguko wa mwisho aliona chuma kimekatika, akasema gari bovu. Aliyeangalia tangu mwanzo aliona mguu wa dereva kwenye breki. Kati ya hao wawili kuna uamuzi wa kutoingia kubadilisha tairi, na uamuzi huo haukuonekana kwenye kamera yoyote.

China 2007 ni ndugu wa kisa hicho. Lami ilikuwa inakauka, Lewis Hamilton akaachwa na matairi ya mvua yaliyokwisha hadi nyuzi zikaonekana. Alipoitwa hatimaye, aliteleza kwenye njia ya kuingilia gereji, akakwama kwenye kokoto. Ndiyo, yeye ndiye aliyeshika usukani. Lakini nani alimwacha na tairi kipara muda wote ule? Msimu uliisha Räikkönen akiwa bingwa kwa pointi 110, na Hamilton 109.

Na kosa la dereva likiwa kosa, liite kosa, hata kama unampenda. Baku ileile ya 2021, mbio zilipoanza upya, Hamilton alipitiliza kona ya kwanza huku matairi ya mbele yakitoa moshi. Nilikuwa tayari kulaumu breki. Kumbe mkono wake uligusa kitufe kinachobadilisha mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Alimaliza wa 15, na maelezo yakatoka kwake na kwa timu yake wenyewe.

Mimi ndiye niliyempigia rafiki yangu simu. Siku hizi tukiangalia pamoja tumekubaliana kutomtaja mwenye kosa kabla ya kuona picha za ndani ya gari na kusikia mazungumzo ya redio. Nürburgring bado inatugawa: yeye anasema Räikkönen, mimi nasema waliopaswa kumwita walinyamaza. Tumeirudia picha ile zaidi ya mara ishirini.