Kisima kilichokauka kurudisha maji
Je, kisima kilichokauka kinaweza kupata maji tena? Ndiyo, inawezekana, na kampuni changa zinazofanya kazi hiyo hazitengenezi maji mapya. Zinakinga maji ya mvua kabla hayajapotelea mtaroni, zinayachuja kwa kokoto na mchanga, kisha zinayashusha ardhini kupitia kisima kilekile. Milimita 1 tu ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni kama lita 100, kwa hiyo si haba. Ila maji hayatulii humo kama tangini, husambaa kwenye mchanga na nyufa za miamba. Mkivuta maji mengi kuliko yanayoingia, kisima kitakauka tena. Na tafadhali, maji ya barabarani au ya shamba lililopigwa dawa msiyaingize kabisa! Uchafu ukishafika chini, kuutoa huchukua miaka.