Kadi Nyingi, Dawa Hakuna: Fedha za Bima Zinakwama Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu ni mwalimu, na nyumbani sote tunatibiwa kwa kadi ya bima ya afya. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu katika hospitali moja hapa Tanga, nikaambiwa dawa aliyoandikiwa imekwisha, ikanilazimu niinunue kwa fedha taslimu Ngamiani. Wenye kadi siku hiyo walikuwa wengi kuliko wanaolipa wenyewe. Mshahara wa mume wangu unakatwa kila mwezi; iweje hospitali iishiwe dawa?
Mama wa watoto watatu, Makorora

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada yetu. Makato ya mumeo, asilimia 3 ya mshahara pamoja na asilimia 3 anayoongeza mwajiri, huingia katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Hospitali hulipwa baadaye, ikishatoa huduma, ikaandaa madai, na madai hayo yakakaguliwa. Maana yake ni kwamba siku ile hospitali ilikuwa inakukopesha. Anayelipa taslimu asubuhi huiachia hospitali fedha ya kuagizia dawa jioni, ilhali wa kadi huiachia karatasi ya kudai. Na kadiri wenye kadi wanavyoongezeka, ndivyo mtaji wa dawa unavyozidi kukwama katika madai ambayo hayajalipwa.

Kuna tatizo jingine ambalo wagonjwa hawalioni, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloumiza zaidi. Fomu ikikosa sahihi ya mgonjwa, au ugonjwa ulioandikwa usipolingana na dawa iliyotolewa, au dawa yenyewe ikiwa hairuhusiwi katika ngazi ya kituo hicho, dai hukatwa. Dawa imekwisha kumezwa, na hasara inabaki kwa hospitali. Siulaumu Mfuko kwa kukagua, kwa sababu wapo wanaodai malipo ya huduma ambazo hawakuzitoa, na fedha wanayoichukua ni ya walimu kama mumeo. Hata hivyo, hospitali inayomwachia karani mmoja aliyechoka mamia ya fomu inajipotezea mapato yake yenyewe.

Bei nazo hupangwa na Mfuko. Kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko hulipia pamoja na bei zake, kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wenye kadi, zikisema malipo hayafikii gharama.

Pamoja na hayo, singependa turudi nyuma. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, wapo wagonjwa wasio na kitu wanaoondoka bila kulipa, na deni lao halina wa kudaiwa. La mwenye kadi lina mlipaji anayejulikana.

Kabla hujaweka sahihi, soma fomu yako na uhakikishe dawa uliyoikosa haikuandikwa kuwa umepewa. Kisha iulize bodi ya hospitali hiyo ni kiasi gani cha madai yake kilikatwa robo ya mwaka iliyopita, na kwa sababu gani.