Downtown Dubai kwa mfuko mwepesi: simama, usikae

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Anakwenda Dubai mwezi ujao kwa tiketi aliyoilipia kidogo kidogo, na shangazi yake amemwambia asijisumbue kusogea Downtown, mtaa wenye lile jengo refu la Burj Khalifa, kama hana pesa ya kupanda juu, atajiaibisha bure. Nilicheka, halafu nikakasirika. Maneno kama hayo niliambiwa na mimi, tena mbele ya ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp: "Huyu ameenda Dubai kulala Deira na kula chapati." Deira, mtaa wa zamani wa Dubai, nililala kweli, na chapati nilikula. Ila picha zangu za Downtown zilifika hadi kwa watu nisiowajua, na za huyo aliyenisema, za hotelini, sijaona aliyehangaika nazo. Haya, tuyaache hayo.

Dada yangu, sikiliza. Pale Downtown hutozwi kwa kuona, unatozwa kwa kukaa. Kinachouzwa ni kiti, meza, kitanda na lifti ya kwenda juu. Mengine yote yako wazi kwa mtu mwenye miguu miwili na chupa ya maji. Ukilishika hilo, safari yako imepona.

Kulala, lala Deira au Bur Dubai, wanakofikia wafanyabiashara wengi wanaofuata mzigo. Ukiweza kuvumilia joto, nenda kati ya Juni na Agosti, vyumba hushuka bei. Ila uliza mapema kuhusu ada ya utalii, kwa sababu hulipwa kaunta kwa kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwenye simu. Pesa usibadilishe kwa pupa. Dirhamu imefungwa kwenye dola, dola 1 kwa dirhamu 3.67, kwa hiyo anayekupa 3.4 anakula jasho lako mchana kweupe.

Kutoka Deira panda treni ya Metro, laini nyekundu, kituo cha Union, ushuke Burj Khalifa/Dubai Mall. Kadi ya Nol ya fedha, ndiyo kadi ya nauli, inauzwa dirhamu 25 na ndani yake mna nauli ya dirhamu 19. Safari ya ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo 7.5. Ukiwa na mizunguko mingi, tiketi ya siku nzima ni 20. Behewa la Gold lina viti vipana na nafasi, ila nauli yake ni mara mbili, na ukiingia na kadi ya kawaida ni faini ya dirhamu 100. Nilimwona baba mmoja aliyepiga suti safi kabisa akisimamishwa na mkaguzi mwenye kimashine mkononi. Alijieleza sana, faini akaandikiwa vile vile. Suti haikumsaidia. Na wewe mwanamke una behewa lako la wanawake na watoto, litumie.

Kutoka kituoni hadi Dubai Mall, jengo kubwa la maduka, kuna daraja refu lililofunikwa, lina kiyoyozi na mikanda inayokusogeza. Mwendo wake unakaribia kilomita moja, kwa hiyo viatu vya kuringia viache hotelini. Mabega na magoti yafunikwe, mtandio mwepesi unatosha.

Ndani ya jengo usiende kwanza kwenye maduka. Nenda kwenye tangi la samaki. Lina lita milioni 10 za maji, na kioo chake kikubwa kinatazama ukumbini, bure. Wanaolipa ni wale wanaopita kwenye handaki lililo ndani ya tangi. Mimi nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Taa mmoja alijibandika kiooni kwa tumbo lake jeupe, mdomo ukifunguka na kufunga kama anataka kuniuliza kitu, na nyuma yake papa akapita polepole bila haraka na mtu. Mtoto aliyekuwa pembeni yangu alikuwa na tiketi ya handaki shingoni, lakini hakutaka kuondoka pale kiooni.

Kisha toka nje kabla giza halijaingia. Jioni chemchemi ya maji iliyo kwenye ziwa la nje ya jengo huanza kucheza saa kumi na mbili, na kwa kawaida hurudia kila nusu saa hadi usiku, maji yakirushwa hadi mita 150. Hapa ndipo nilipojifunza habari ya viti. Niliketi kwenye baraza la mgahawa mmoja unaotazama ziwa. Mhudumu akaja na maji ya chupa, akayafungua kabla sijasema neno, kisha akanieleza kwa tabasamu kwamba meza za nje zina kima cha chini cha matumizi. Nilipouliza ni kiasi gani, aliniangalia viatu kabla ya kujibu. Viatu! Nikasimama, nikatembea hatua chache hadi ukingoni mwa ziwa, nikaegemea ukuta. Onyesho likaanza, na manyunyu yakanipiga usoni mimi kuliko waliobaki mezani. Hadi leo nikikumbuka yale macho damu inachemka, lakini manyunyu yale hakuna aliyeniletea bili yake.

Mahali pazuri zaidi pa kusimama ni kwenye daraja dogo linalounganisha Dubai Mall na soko la Souk Al Bahar, mradi uwahi. Ukichelewa utaona migongo ya watu na simu zao.

Kuhusu kupanda Burj Khalifa: mimi sikupanda na sijutii. Jengo lina mita 828, linaonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Roho ikikusukuma, ghorofa ya 124 na 125 ni nafuu kuliko ya 148, na saa za machweo ndizo ghali kuliko zote, kwa hiyo nenda asubuhi. Usikope kwa ajili ya hilo. Narudia, usikope. Tuna ugonjwa wa kutaka kuonekana mahali, halafu miezi minane tunalipa deni la picha moja, na waliobofya alama ya moyo hawachangii hata senti. Shangazi yako hatalipa. Ndugu zangu wa kwenye grupu hawakulipa.

Kula kabla hujatoka Deira, na ukirudi chai ya karak, ile ya maziwa na viungo, na chapati zipo hadi usiku. Asubuhi yake vuka hori kwa abra, ile mashua ya mbao, dirhamu 1 tu, na uwe na sarafu mkononi.

Kama tarehe zako zinagusa mkesha wa mwaka mpya, panga upya siku ya Downtown. Kituo cha Metro cha pale hufungwa alasiri kwa sababu ya umati, na maeneo ya kutazamia yakijaa barabara huzibwa. Fataki zile zinaonekana pia kutoka mbali, ukiwa umesimama.