Umechaguliwa dawa mbili, umpe mwanao ipi?

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mama mmoja. Binti yake ana miaka 14, katoka hospitali wiki mbili zilizopita, ana bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, na daktari amewapa majina mawili ya dawa wakayafikirie: lithiamu na valproati. "Dada, ungekuwa wewe ungempa ipi?" Nikamjibu mistari miwili, nikaifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona niyamwage hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Wangu alikuwa na miaka 15. Alikesha siku nne mfululizo na wala hakuchoka. Alitoa vyombo vyote kabatini akavipanga sakafuni kwa rangi, huku ananieleza sababu, maneno yanakimbizana mdomoni. Mwezi uliofuata alikuwa kitandani kageukia ukuta, hata kuoga mpaka abembelezwe. Ndugu wakasema yao. Shangazi yake mmoja alisema mtoto huyu kakosa fimbo. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Daktari alipotaja bipola nilikesha kwenye intaneti nikijitisha mwenyewe. Lithiamu ni dawa kongwe. Daktari John Cade wa Australia alieleza mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake waliopandwa na wazimu. Ukongwe haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni majirani. Kwenye damu madaktari wengi hulenga kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na ikipita 1.5 mtu huanza kuonyesha dalili za sumu. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa.

Valproati basi nikaiona nyepesi. Wanaitumia hata wenye kifafa, nikasema hii ndiyo yetu. Daktari akaniambia inaweza kuongeza unene, ini lazima lifuatiliwe, na kwa msichana inaweza kuvuruga hedhi. Kisha akaja kwenye mimba: mwanamke akiibeba akiwa anaitumia, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Nikamwambia mwanangu bado mdogo. Akanitazama. "Na miaka mitano ijayo, mama?" Sikuwa na jibu.

Dawa ya tatu, lamotrijini, tuliigusa juu juu tu. Husaidia zaidi upande wa huzuni, na dozi hupandishwa polepole kwa wiki kadhaa kwa kuogopa upele ambao unaweza kuwa hatari. Nyumba yetu ilikuwa inawaka, hatukuwa na wiki za kusubiri.

Tukachukua lithiamu. Wiki ya tatu alilala usiku mzima, nikasimama mlangoni kumsikiliza akikoroma. Nilijisifu jamani! Nikaanza hata kuwashauri wengine.

Mwezi wa tano hedhi ikamuuma sana, nikampa ibuprofeni. Siku tatu. Katikati hapo tumbo likamharisha, nikasema ni uchafu tu aliokula. Asubuhi ya nne alikuwa anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe. Akaacha kukoroga, kijiko kikaendelea kugonga. Nikauangalia mkono wake. Alipoinuka akayumba kama mlevi, na akinijibu ulimi mzito. Kipimo kilisoma 1.9. Kumbe ibuprofeni huzifanya figo ziibane lithiamu mwilini, na kuharisha kukamkausha maji, mambo yakazidiana. Akawekewa dripu, akapona.

Nina kinyongo na kliniki ile mpaka leo kwa kutoniambia. Au waliniambia ile siku niliyokuwa nalia, sikusikia. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa mama mwenzangu, nisikilize. Usiulize dawa ipi ni nzuri, uliza kila moja itaitaka nini nyumba yako. Maabara iko karibu? Nani atakumbuka kwamba damu ya kupima lithiamu huchukuliwa yakishapita masaa 12 tangu dozi ya mwisho? Dawa hii haipatani na dawa gani? Nikiona dalili gani nikimbie? Andika majibu kwenye daftari, kichwa cha mzazi mwenye hofu hakishiki kitu. Uliza tena hata kama umeshauliza. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata nafuu kwa lithiamu, mwambie daktari, maana huenda na mtoto akaitikia vizuri. Na akipata nafuu usimwachishe ghafla eti kapona. Ugonjwa ukirudi kwa njia hiyo hurudi na hasira. Narudia, usimwachishe mwenyewe!

Ungekuwa wewe, umeniuliza. Kwa msichana wa miaka 14 ambaye figo zake ni nzima na vipimo anaweza kuvipata, ningeanza na lithiamu, na valproati ningeiacha iwe ya mwisho. Lakini mkalishe na yeye muongee, ndiye atakayeimeza kila siku.

Wangu sasa ana miaka 17. Chupa ya maji haimtoki mkononi. Wiki iliyopita kichwa kilimuuma, nikainuka kwenda kabatini, akanipigia kelele kutoka chumbani: "Parasetamoli, mama! Ile nyingine usiiguse!"