Utafiti ushamtaja mshindi, kura yangu ya nini?

SWALI: Shkamoo dada. Mi dereva boda hapa Makorora, Tanga, kadi ya mpiga kura ninayo ila sijawahi kuitumia. Uchaguzi ukikaribia tu magrupu ya WhatsApp yanajaa posti, utafiti unasema fulani anaongoza kwa mbali, basi kijiweni wote tunaona mambo yashaisha, nani akapange foleni apoteze abiria? Hivi tunakosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuzisoma hamkosei, ila mnazichukua kama ndo matokeo yenyewe. Septemba 2015 shirika la Twaweza walitoa utafiti wao wa kupigia simu watu wa Tanzania Bara, wakapata Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa wa Chadema 25. Tume ilipotangaza ikawa 58 kwa karibu 40. Mshindi yuleyule, sawa, lakini huyo wa pili kapanda kwa asilimia kama 15, na hayo ni mamilioni ya watu waliotoka nyumbani.

Af utafiti ule uliulizia rais. We kituoni unapewa karatasi tatu, rais, mbunge, diwani. Mwaka huohuo Magufuli anashinda, jimbo la Tanga Mjini likaenda CUF, chama cha upinzani! Sasa nani alikuja Makorora kuwauliza habari ya diwani? Na kijiwe chenu kikihamishwa ni mambo ya halmashauri hayo, siyo Ikulu.

Hizo posti nazo zinakatwakatwa mno, tarehe hakuna, walioulizwa wangapi hakuna, ambao hawajaamua ndo kabisa, kinachobaki ni nani anaongoza utadhani msimamo wa Simba na Yanga. Mama yako hata asome nini, saa kumi na mbili kashajitanda kanga yuko njiani, keshazoea. Kijana wa mara ya kwanza hana mazoea hayo, akipata kisababu tu kabaki kijiweni. Hata Marekani 2016 karibu kila makadirio yalimpa Hillary Clinton, Trump akapita kwa tofauti isiyofika kura 80,000 ukijumlisha Michigan, Wisconsin na Pennsylvania.

Kama hupigi kura sababu huna imani na uchaguzi wenyewe, hilo jingine kabisa, tutabishana siku yake, ila usiusingizie utafiti.

We kahakiki jina lako kwenye daftari mapema. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, ukiwahi, saa mbili ushapiga na abiria wa sokoni Ngamiani bado unawapata.