Ukisikia mlio wa pili, weka koleo chini

Mavuno yakiisha England, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, mashamba ya ngano na shayiri hubaki mabua matupu, na wageni wa fani yetu ya kutafuta vitu vya kale ardhini huingia na mashine zao mpya za kutambua metali. Kila msimu makosa ni yale yale. Koili, ile sahani ya chini ya mashine inayohisi metali, inapungwa kama fyekeo, sarafu inasuguliwa kwenye suruali, na hazina iliyokaa salama miaka 1,700 inatolewa kwa mikono miwili kama viazi. Hamu yenu inatufurahisha, wadogo zetu, maana bila hamu hakuna anayetembea shambani saa sita kwenye baridi. Lakini mnagusa vitu visivyo na pacha, kwa hiyo sikilizeni.

1. Ruhusa iwe ya maandishi. Anayelima shamba mara nyingi ni mpangaji tu, hivyo zungumza naye, zungumza na mwenye ardhi, na andikeni mapema mtagawanaje. Kawaida ni nusu kwa nusu. Eneo la urithi linalolindwa haliingiwi na mashine hata mwenye shamba akikubali: sheria ya 1979 inataka kibali cha maandishi cha mamlaka ya urithi, na ukiingia bila hicho umetenda kosa la jinai. Mipaka yake imechorwa kwenye ramani zilizo wazi kwa wote, kwa hiyo iangalie usiku kabla hujatoka. Na wale mnaopanga kwenda likizo na mashine kwenye sanduku ili mpite Kilwa au Gede, acheni. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006, na zote zinadai leseni. Wanaopewa ni watafiti. Kule nyumbani hii si burudani ya Jumamosi.

2. Koili ikae chini. Mpungo unaanza sentimita mbili juu ya udongo na unaishia magotini, halafu mnalalamika kwamba shamba limekwisha. Mashine ya kawaida huiona sarafu ndogo kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20. Ukiinua koili sentimita 10 umeinyima ardhi sentimita hizo hizo, yaani nusu ya uwezo wako umeutupa hewani. Kila mpungo ufunike nusu ya mpungo uliotangulia. Kabla ya kuanza, tafuta mahali pasipo na metali, pandisha na shusha koili hadi mlio uwe sawa juu na chini, na urudie hivyo ukihama kutoka kichanga kwenda mfinyanzi. Chini ya nyaya za umeme, punguza usikivu wa mashine.

3. Mnachuja mno. Mtu ananunua mashine, anasoma kwamba namba za chini kwenye kioo chake ni takataka, anazizima zote zisilie, kisha anauliza mbona hapati dhahabu. Kipande kidogo cha dhahabu kinatoa namba ile ile ya karatasi ya aluminiamu, na pete nyembamba inasomeka kama kishikizo cha kopo la soda. Peni ya fedha ya enzi za kati ilikatwa nusu au robo ili kupata chenji, na ile robo nayo iko huko huko chini. Chimba. Chuma peke yake ndicho kichujwe, tena kwa tahadhari, kwa sababu msumari mmoja uliolala juu ya sarafu unatosha kuificha sauti yake. Penye misumari mingi ndipo pengine palisimama nyumba, na hapo ndipo mnapopakimbia. Funga koili ndogo, punguza mwendo, na ukisikia mlio hafifu unaokatika, zunguka robo duara uupime tena. Mlio ukijirudia kwa pande zote mbili, ni wa kuchimba. Ukitoweka upande mmoja, mara nyingi ni chuma kilichojikunja, na kiatu cha farasi ndicho bingwa wa kudanganya kwa sauti nzuri.

4. Kwenye malisho, kata udongo kwa umbo la kwato, upande mmoja ubaki umeshikana na nyasi, na ufunue kama kifuniko. Mwaga udongo juu ya kitambaa, rudisha wote, kanyaga. Wakati wa kiangazi kikali usikate malisho kabisa, maana kile kipande kitakufa na mkulima atakihesabu. Risasi, makopo na vipande vya waya vyote ondoka navyo.

5. Mlio wa pili. Hapa tukae, maana hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na fani yetu inapaswa kulikiri bila kutafuta visingizio. Linaenda hivi. Saa kumi jioni, mtu anatoa sarafu moja ya shaba ya Kirumi. Anarudisha koili juu ya shimo, shimo bado linalia. Anatoa ya pili, ya tatu, nyingine mbili zimeshikana kwa kutu ya kijani. Sasa yuko sentimita 35, chini ya udongo unaogeuzwa na plau, ambao kwa kawaida hauzidi sentimita 20 hadi 30. Jua linazama. Anawaza wezi wa usiku, anawaza wenzake wataona, moyo unamwenda mbio, na mkono unaingia. Anasikia kigae kikivunjika. Anaendelea. Giza likiingia ana ndoo ya sarafu, vigae kwenye mfuko wa duka, na shimo lisilo na umbo. Amepata hazina yote, na maswali yote aliyafuta mwenyewe.

Angalia kilichopotea. Kama sarafu zilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, nyuzi zake zilibaki kwenye ile kutu, nazo zimesagika. Kama zilikuwa kwenye sanduku, mbao zimeoza na kuacha kivuli cheusi kwenye udongo, na bawaba ziko mahali pake. Mkono ukipita, hakuna tena sanduku. Mpangilio wa sarafu, ipi chini na ipi juu, ulikuwa historia ya siku ile walipozifukia, na ndoo haina chini wala juu.

Linganisha na Frome, Somerset, Aprili 2010. Dave Crisp alipata sarafu, kisha akaona sehemu ya chungu. Akaacha. Akafukia shimo, akatoa taarifa. Wanaakiolojia walikikuta chungu cha urefu wa sentimita 60 hivi, chenye sarafu 52,503 zenye uzito wa kilo 160, na wakazitoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mifuko yake. Ndipo likaonekana jambo ambalo ndoo isingelisema kamwe: sarafu za mwisho kutengenezwa, za Carausius, aliyejitangaza mtawala wa Britania mwaka 286, nyingi zilikuwa chini kuliko katikati ya chungu. Kingekuwa kibubu cha mtu kilichojazwa mwaka hadi mwaka, hizo zingekaa juu. Kumbe kilijazwa kwa mara moja, na kwa uzito ule bila shaka kilijazwa kikiwa tayari kimo ardhini. Maelezo hayo yote yametokana na mtu mmoja kuzuia mkono wake.

Na msidhani ni ya Wazungu tu. Hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa mwambao, bila mwaka hata mmoja. Zilipata umri wao, karne ya 11, kwa sababu zilikutwa pamoja na dinari chache za dhahabu zenye tarehe, za Wafatimi, ukoo wa Kiislamu uliotawala Misri. Fikiria mtu angezitenganisha, dhahabu akapeleka kwa sonara na vijifedha akawapa watoto. Tungebaki na majina yanayoelea.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Sarafu mbili au zaidi kwenye shimo moja, au umefika udongo mgumu wenye rangi nyingine: koleo chini. Piga picha shimo pamoja na rula. Soma namba ya gridi, ile inayotaja mahali kwenye ramani, yenye tarakimu 10, inayokupa usahihi wa mita moja, kwa sababu ile ya tarakimu 6 inakupa mita 100 na hiyo ni shamba zima. Fukia. Usipande kijiti cha alama. Mpigie mwenye ardhi na afisa wa kaunti anayepokea taarifa za vitu vya kale, na kama unaogopa wezi lala kwenye gari pembeni ya shamba.

6. Usisafishe. Peni ya Edward I ina upana wa milimita 18 au 19 na uzito wa gramu 1.4 hivi, nyembamba kama ukucha, na ukiisugua kwa kidole chembe za mchanga zinachora uso wa mfalme. Kwenye shaba ni hatari zaidi: herufi mara nyingi zimebaki ndani ya ile ganda la kijani, ukilitoa umezitoa nazo. Siki, limau, dawa ya meno na umeme wa betri viacheni nyumbani. Ukiona unga laini wa kijani mpauko, chumvi inaila shaba. Weka kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na silika jeli kavu. Ngozi au mbao iliyotoka kwenye matope ibaki na unyevu.

7. Taarifa kwa koroneri, yule yule anayechunguza vifo vya ghafla, ni ndani ya siku 14 tangu ulipotambua kwamba huenda ni hazina. Sarafu 2 za dhahabu au fedha za zaidi ya miaka 300 zilizokutwa pamoja zinatosha. Za shaba ni 10. Tangu Julai 2023 hata kitu kimoja cha metali yoyote, chenye angalau miaka 200 na umuhimu wa kipekee, nacho ni hazina. Uskoti ni habari nyingine: kule kila kitu cha kale kinaripotiwa.

Na kitu kizito, kinene kama chupa, chenye mapezi nyuma, huenda ni bomu: usikigeuze wala kukipangusa. Kumbuka mahali, rudi ulikopita, piga 999, namba ya dharura, uombe polisi.