Bei tumekubaliana wenyewe, kosa liko wapi?

*Shikamoo wakili. Tuko wauza saruji wanane hapa Korogwe. Biashara ilikuwa inatuua, kila mmoja anashusha mia mbili kumnyang'anya mwenzake mteja. Mwezi uliopita tukakaa, tukakubaliana mfuko usiuzwe chini ya 17,500. Wa tisa, kijana mgeni mjini, amegoma, anauza 16,800. Tumemwomba wakala wa jumla asimpe mzigo. Sasa mwenzetu mmoja anasema tunaweza kushtakiwa. Kosa liko wapi, wakati duka ni langu na bei ni yangu? Na mbona wakubwa wakiungana serikali inabariki?*
— Muuza saruji, Korogwe

Marahaba. Mwenzenu kasema kweli, tena barua yako fupi hii ina makosa mawili, si moja.

Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 9, inataja mambo ambayo washindani hawakubaliani hata kwa nia njema: kupanga bei, kumsusia mtu kwa pamoja, na kupangiana zabuni. La kwanza mmelifanya kikaoni, la pili mmelifanya kwa wakala. Makubaliano ya aina nyingine Tume ya Ushindani (FCC) huyapima kwanza, ione kama soko limeumia. Haya matatu hayasubiri kipimo hicho. Na msijifariji kwamba hamkutia saini popote. Neno la mdomo barazani ni makubaliano, ujumbe wa WhatsApp ndiyo kabisa. Faini hufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Nimesema mauzo, si faida.

Bei ni yako, sikatai. Ukiamka kesho ukaandika 20,000 kwenye kibao chako, hakuna wa kukugusa. Lakini ukishampigia jirani kumuuliza "tuweke ngapi?", bei hiyo si yako tena, ni ya wanane, na fundi aliyepanda bodaboda kutoka Mombo kutafuta nafuu amezunguka maduka yenu kwa kazi bure. Wenzetu wa Kenya wameshaonja: Agosti 2023 mamlaka yao ya ushindani ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya shilingi za Kenya milioni 338.8 kwa kupanga bei. Wale walikuwa wenye viwanda, na utetezi wa "biashara ilikuwa ngumu" haukuwavusha.

Kuhusu wakubwa, hapo una hoja nusu. Ukubwa wenyewe si kosa, kosa ni unachoufanyia. Mama yangu mkubwa alikuwa na kiduka, kampuni moja ya soda ikampa friji ya bure. Siku moja akaweka ndani chupa sita za kampuni nyingine. Kijana wa mauzo akafika na pikapu, akazitoa moja moja, akazipanga sakafuni, halafu akachomoa waya. Friji ikaondoka na barafu zake. Mwenye kashea kadogo sokoni akifanya hivyo ni ubabe tu. Akifanya anayelihodhi soko, ni kesi, maana mpinzani wake hana duka jingine la kukimbilia. Ndiyo maana 2010 FCC iliikalia kooni Tanzania Breweries kwa kuondoa mabango ya bia ya Serengeti kwenye mabaa.

Na kuungana hakubarikiwi kirahisi kama unavyodhani. Wewe unauza saruji ya Simba na ya Twiga, basi kisa hiki ni chako. Mwaka 2021 Scancem, kampuni mama ya Twiga, ilitangaza kununua hisa nyingi za Tanga Cement, yaani Simba. FCC ikaruhusu mwaka uliofuata. Wapinzani wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaitengua ruhusa ile, kwa sababu wawili hao wakiwa chini ya paa moja wangepita mstari wa asilimia 35 ya soko uliowekwa na sheria wakati huo. Ombi likarudi upya, likapita 2023, na mwaka uliofuata Simba ikaishia kwa Amsons, wenye saruji ya Camel. Binafsi ile safari ya pili haikuniridhisha, ila huwezi kusema ilipita usiku.

Sasa la kufanya. Mwambieni wakala leo hii kwamba ombi lenu mmeliondoa, ampe kijana mzigo kama anavyowapa ninyi. Toka kwenye hilo kundi la simu, na uandike sababu ya kutoka. Usifute kitu. Halafu mtafute wakili wa karibu kabla FCC haijawatafuta ninyi.

Hukuniambia huyo kijana anapakia wapi. Ningekuwa wewe ningechungulia hilo kabla ya kumwita mharibifu: inawezekana anadandia lori linalorudi tupu kutoka Tanga, anachukua mzigo Pongwe, kiwandani kwa Simba, na hiyo mia saba ndiyo mnayomlipa wakala wenu.